Fomu ya emaili inafunguka kwa huyu, inagoma kwa yule: uiache kwenye faili, uipeleke maktaba, au uhamie kwenye brauza?

Kama ofisi yenu inatumia fomu maalum za Outlook, zile ambazo mtu alichukua emaili ya kawaida akaiwekea visanduku vya kujaza, menyu ya kuchagua na batani moja mbili, basi hii hali unaijua. Kompyuta ya mhasibu inafungua fomu vizuri kabisa, ya jirani yake inaonyesha emaili tupu haina kisanduku hata kimoja, ya meneja inaonyesha fomu lakini ni ile ya zamani kabla hamjairekebisha, na ya mtu wa stoo inaonyesha kila kitu sawa ila akibonyeza batani hakuna kinachotokea. Hapo ndo watu wanaanza kusema kompyuta ina virusi, Office inafutwa inawekwa upya, nusu siku imeisha na tatizo liko palepale.

Msimamo wangu ni kwamba hizo hitilafu zinaonekana tofauti lakini nyingi zinatoka kwenye swali moja tu, fomu yenyewe inaishi wapi. Manake emaili inayotumwa kwa kawaida haibebi fomu, inabeba majibu yaliyojazwa pamoja na jina la fomu, afu kompyuta ya anayepokea ndo inatakiwa iitafute fomu yenye jina hilo na kuichora. Emaili ya kawaida jina lake ni IPM.Note, na fomu yako labda itaitwa IPM.Note.OmbiRuhusa. Kompyuta isipoipata OmbiRuhusa inarudi nyuma mpaka IPM.Note, ndo maana mtu anaona emaili tupu. Majibu yamo humohumo ndani, hayajapotea, hayana tu pa kuonekana.

Kwahiyo kulinganisha hapa ni kulinganisha makazi ya fomu. Yako matano: faili kwenye foda la pamoja, ndani ya emaili yenyewe, maktaba binafsi ya mtu, maktaba ya foda, na maktaba ya ofisi nzima kwenye seva (maktaba ni mahali Outlook inapotunzia fomu, na kuiweka fomu humo ndo kuichapisha). La sita ni kuachana kabisa na Outlook na kuhamia fomu za kwenye brauza. Lakini kabla hujachagua, pima kwanza tatizo lako ni la aina gani, usije ukahamisha fomu wakati ugonjwa ni mwingine.

Pima hivi kwanza

Cha kwanza fungua ile emaili kwenye foda la zilizotumwa la aliyeituma. Hii watu wengi hawaijui. Fomu ya Outlook inaweza kuwa na kurasa mbili, ya kuandikia na ya kusomea, na ukishazitenganisha ukarekebisha ya kuandikia peke yake ile ya kusomea inabaki kama ilivyokuwa. Anayetuma anaona visanduku vipya, anayepokea anaona mpangilio wa zamani au kurasa tupu, na wote wanadhani ni kompyuta. Ukifungua emaili kwenye zilizotumwa Outlook inakuonyesha ile kurasa ya kusomea, kwahiyo kama hata kwa mtumaji mwenyewe imeharibika basi acha kuzunguka kwenye madawati ya watu, rudi kwenye fomu ukarekebishe kurasa ya pili. Na hakikisha kila kisanduku kimefungwa kwenye jina la taarifa, kisanduku kilichochorwa tu bila kufungwa kwenye kitu kinapokea maandishi lakini hakiyahifadhi, mtu anajaza vizuri na huku upande wa pili hakifiki kitu.

Cha pili ongeza kolamu ya "Message Class" kwenye orodha ya emaili za yule anayelalamika. Ikisema IPM.Note.OmbiRuhusa, emaili imefika na jina lake, shida ni kompyuta kuipata fomu. Ikisema IPM.Note peke yake jina limepotea kabla halijafika, na hapo hata ukifuta Office mara ngapi haitasaidia, kosa liko upande wa kutuma.

Cha tatu futa kache ya fomu kwenye kompyuta inayogoma. Outlook ikishaivuta fomu mara moja inaiweka nakala kwenye faili linaloitwa FRMCACHE.DAT, liko ndani ya foda la FORMS kwenye AppData\Local\Microsoft ya huyo mtumiaji, na nakala hiyo ikiharibika au ikibaki ya zamani ndo unapata ile fomu ya mwaka juzi. Unaenda kwenye Options, Advanced, Custom Forms, kisha Manage Forms, utaona batani ya "Clear Cache". Afu funga Outlook ufungue tena. Ni kazi ya dakika moja na inamaliza malalamiko mengi kuliko unavyofikiri.

Baada ya kache, sio kabla, ndo mnabadilishana viti. Yule ambaye kwake fomu inafanya kazi aingie na akaunti yake kwenye ile kompyuta inayogoma. Ikigoma na kwake shida ni ya mashine, ikikubali shida iko kwenye akaunti au mipangilio ya yule mwingine. Nasema baada ya kache kwasababu kila mtumiaji wa Windows ana kache yake, kwahiyo mtu mpya akikaa pale anaanza na kache safi na fomu itakubali, mtadhani akaunti ya mwenzake ndo mbovu kumbe ilikuwa nakala ya zamani tu.

Faili la .oft kwenye foda la pamoja

Hii ndo njia ya ofisi nyingi. Mtu anatengeneza fomu, anaihifadhi kama .oft, yaani faili la kiolezo cha Outlook, anaiweka kwenye netiweki, anawaambia wenzake bonyezeni mara mbili mjaze mtume. Urahisi wake ni kwamba huhitaji ruhusa ya mtu wa aiti wala seva, na kama fomu yako ni maandishi yaliyopangwa tu, yaani kichwa cha habari, jedwali la kujaza, na anwani ya kupelekea, inatosha kabisa na mimi nisingekushawishi uihame.

Shida inaanza ukiweka skripti, yaani maagizo ya programu yanayoendesha batani na hesabu. Fomu iliyofunguliwa kutoka faili bila kuchapishwa kwenye maktaba, skripti yake haikimbii, na Outlook haikupi onyo la maana. Ndo unakuta aliyeitengeneza kwake inafanya kazi, manake yeye aliichapisha kwenye maktaba yake wakati anaijaribu, na wengine wote batani imekufa. Juu ya hapo watu wanalivuta faili kwenye desktop zao ili wasihangaike na netiweki, ukirekebisha fomu wao bado wanatuma ile ya zamani. Kwa fomu yenye batani au hesabu ndani yake, faili ni njia ya kuepuka.

Kuibeba fomu ndani ya emaili

Kwenye sifa za fomu (Properties) kuna sehemu ya kuweka tiki, "Send form definition with item". Ukiiweka, emaili inasafiri na mchoro wake, anayepokea hahitaji kuwa na fomu. Inasikika kama dawa ya kila kitu, na ndo ushauri ambao watu wanapeana sana, ila mimi sikushauri isipokuwa kwa jambo moja dogo nitakalolisema.

Emaili ya namna hiyo Outlook inaihesabu kama kitu cha mara moja, jina lake linarudi kuwa IPM.Note, inakuwa nzito zaidi, na kwa usalama skripti iliyomo ndani haiendeshwi. Kwahiyo umetatua kuonekana umeua kufanya kazi. Baya zaidi ni kwamba kila emaili sasa ina nakala yake ya fomu, ukirekebisha kesho zile za jana hazijui, baada ya muda una emaili za mchoro tofauti tofauti kwenye foda moja na huwezi kuzitenganisha kwa jina. Pale inapofaa ni kura ya haraka au usajili wa siku moja, fomu haina skripti, watu wanajaza inaisha. Na hata hapo jiulize kama batani za kura za Outlook zenyewe hazitoshi, zile za kukubali na kukataa, manake hazihitaji fomu yoyote.

Maktaba binafsi

Hapa unaichapisha fomu kwenye akaunti ya mtu mmoja mmoja. Kwenye Exchange, ile seva ya emaili ya Microsoft, inakaa ndani ya sanduku lake la barua, kwahiyo akihamia kompyuta nyingine fomu inamfuata, hilo ni zuri. Baya ni kwamba kila anayetuma na kila anayepokea lazima awe nayo, na jina liwe lilelile herufi kwa herufi. Mtu wa tatu akifowadiwa anaona emaili tupu. Ukitoa vesheni mpya unapita dawati moja moja, na yule aliyekuwa likizo anabaki nyuma.

Kwa watu watatu wanne waliokaa chumba kimoja sawa. Kwa kujaribu fomu kabla hujaipeleka kwa wote, hapa ndo mahali pake hasa. Ila ukimaliza majaribio ifute hapo, manake ikibaki maktaba binafsi na nyingine yenye jina hilohilo iko kwenye seva utakuja kushangaa kwanini wewe peke yako unaona fomu tofauti na ofisi nzima.

Maktaba ya foda

Kama maombi yote yanaishia kwenye foda moja la pamoja, fomu inaweza kuishi kwenye foda hilohilo. Inafaa kwa kumbukumbu, mathalani orodha ya vifaa vilivyoazimwa au malalamiko ya wateja, kazi inayofanyika ndani ya foda. Haifai kwa fomu ya kurushiana kwenye emaili za watu, manake ukitoka nje ya foda fomu haionekani. Na kuna mtego: skripti kwenye foda za pamoja zimezimwa mpaka kila mtu aziruhusu kwenye Trust Center (mipangilio ya usalama ya Outlook), upande wa Email Security, kuna tiki ya foda za kushirikiana na nyingine ya foda za umma. Aliyeweka tiki anafanya kazi, ambaye hajaweka anakuja kulalamika kwako.

Maktaba ya ofisi nzima

Kama unabaki na Outlook na fomu inatumika na watu wengi, hii ndo chaguo langu na sioni sababu ya kuzungukazunguka. Fomu moja, sehemu moja, kwenye Exchange, kila mwenye akaunti anaipata bila kufungiwa chochote kwenye mashine yake. Ukichapisha vesheni mpya kwa jina lilelile kompyuta zinaivuta zenyewe, na ile itakayong'ang'ania ya zamani unafuta kache imekwisha. Gharama yake ni kwamba lazima msimamizi wa seva aiunde hiyo maktaba kwanza, nayo inategemea foda za umma za Exchange, afu awape ruhusa ya kuchapisha watu wachache sana. Mmoja au wawili inatosha. Kila mtu akiweza kuchapisha mmerudi palepale.

Lakini hata maktaba ya seva haitibu kila kitu, na hapa naomba usome taratibu kwasababu ndo pale watu wanakwama wakidhani wamemaliza.

Septemba 2017 Microsoft walitoa apdeti ya usalama iliyozima skripti za fomu maalum kwa chaguo la msingi. Fomu inafunguka, inaonekana vizuri, batani haisemi kitu. Kuziwasha kunataka mambo mawili kwenye rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ya kila kompyuta, moja ni thamani ya DisableCustomFormItemScript iwekwe sifuri, ya pili ni jina la fomu yako liingizwe kwenye orodha ya TrustedFormScriptList. Ukifanya moja ukaacha nyingine haikimbii. Na mahali pa kuweka ile ya kwanza panabadilika kulingana na Office ni ya biti 32 au 64 na iliwekwa kwa njia gani, kwahiyo mtu aliyekopi mpangilio wa kompyuta moja akaubandika kwenye zote atapata nusu zinafanya kazi nusu hazifanyi. Hili lifanyike na mtu wa aiti kwa sera ya pamoja inayoenda mashine zote, sio kwa mkono kwenye dawati moja moja.

Cha pili ni hizo biti zenyewe. Fomu nyingi za zamani zina kalenda ya kuchagulia tarehe au kidude kingine cha ActiveX (vijisehemu vya ziada vinavyopachikwa ndani ya fomu) ambacho ni cha biti 32. Office ya 2019 na hizi za 365 zinajiweka biti 64 kama hujachagua vingine, na humo kidude cha biti 32 hakifunguki. Angalia kwenye About Outlook, pameandikwa juu kabisa. Dawa ya kudumu ni kuondoa hicho kidude na kuweka kisanduku cha kawaida cha maandishi au cha tarehe kinachokuja na Outlook yenyewe. Fomu inapoteza urembo kidogo lakini inafunguka kote.

Cha tatu, fomu maalum ni za Outlook ya kawaida ya Windows. Outlook ya kwenye brauza, ya simu, na hii Outlook mpya ya Windows hazizichori, zinaonyesha emaili ya kawaida basi. Siku hizi mtu anaweza kugeuza swichi ya kujaribu Outlook mpya bila kumwambia yeyote, kesho yake anakuja "kaka, fomu imepotea kwangu". Kabla hujagusa kitu mwangalie anatumia ipi. Halafu hata kwenye Outlook ya kawaida, ukiisomea emaili pembeni kwenye kidirisha cha kusomea bila kuifungua huoni fomu, lazima ubonyeze mara mbili.

Na wanaotuma nje ya ofisi wajue kwamba visanduku maalum vinasafiri kwa muundo wa Rich Text, ukituma kwa HTML vinabaki njiani, na ukituma Rich Text mpokeaji asiye na Outlook anapata faili la winmail.dat asilojua alifungueje. Fomu ya Outlook kwa mteja wa nje sio njia, tuseme wazi.

Fomu za brauza

Hapa nazungumzia Microsoft Forms, Google Forms na ndugu zake. Kwenye ugomvi wetu wa kompyuta kutofautiana zinashinda bila ubishi, manake hakuna kinachokaa kwenye mashine ya mtu. Linki moja, simu inafungua, Mac inafungua, ukirekebisha swali saa hizi anayefungua baada ya dakika moja anaona jipya. Majibu yanaingia kwenye Excel au Google Sheets yenyewe, hakuna mtu wa kukaa anakopi kutoka emaili.

Unachopoteza ni mzunguko. Fomu ya Outlook ni emaili, mtu anajaza, bosi anajibu palepale, inaenda kwa mhasibu, historia yote iko kwenye mazungumzo. Fomu ya brauza ukishabonyeza tuma imeisha, kama unataka idhini ya bosi inabidi uunganishe na Power Automate (programu ya Microsoft ya kuendesha hatua za kazi zenyewe) au kitu kama hicho, na hiyo ni kazi ya kujifunza. Kupakia faili nako kuna masharti, kwenye Google Forms anayepakia lazima awe ameingia kwa akaunti ya Google, na kwenye Microsoft Forms ni kwa watu wa ndani ya taasisi. Na kitu kimoja cha muhimu sana, usiiache fomu ya ofisi kwenye akaunti ya mfanyakazi mmoja, iweke kwenye kundi, siku akiondoka akaunti ikifutwa fomu na majibu vinaweza kwenda naye.

Sasa uchague ipi

Fomu haina skripti na ni maandishi tu, baki na .oft ila iwe sehemu moja na watu wasiikopi. Fomu ina skripti, watu wote wako kwenye Exchange moja na Outlook ya kawaida ya Windows, na una mtu wa aiti wa kusukuma mpangilio wa rejistri, nenda maktaba ya ofisi nzima. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, hasa kama kuna wanaotumia simu au Mac, hamia brauza usipoteze muda.

Kuna na suala la muda. Skripti za fomu hizi zinaandikwa kwa VBScript, na Oktoba 2023 Microsoft walitangaza kwamba VBScript inaelekea kuondolewa. Kwenye Windows 11 ya 24H2 tayari imekuwa kitu cha hiari, bado imewashwa lakini mpango ni ije izimwe. Kwahiyo kama leo ndo unafikiria kutengeneza fomu mpya yenye skripti kutoka mwanzo, usifanye. Iliyopo itunze, mpya ipeleke brauza moja kwa moja.

Na mkihama msizime fomu ya zamani kabla hamjatoa taarifa zilizomo. Njia ya kawaida ya kuexpoti ya Outlook haichukui visanduku ulivyovitengeneza mwenyewe. Unachofanya ni kufungua foda kwa muonekano wa jedwali, unaongeza kila kisanduku chako kama kolamu, jina la mwombaji, tarehe ya kuanza, idadi ya siku, chochote ulichonacho, afu unachagua emaili zote, unakopi, unabandika kwenye Excel. Zinajipanga zenyewe safu kwa safu. Zile ambazo fomu ilibebwa ndani ya emaili zichungulie moja moja, kuna zitakazotoka na kolamu tupu, hizo itabidi zifunguliwe zisomwe kwa macho.